Kuingia Kazi ya Kompyuta Nairobi: Cheti, Mkono na Shahidi

Kazi ya kompyuta jijini Nairobi haina mlango mmoja. Wapo walioingia kwa digrii, wapo walioingia kwa bisibisi na mkoba wa vifaa, na wapo walioitwa kwa simu na mtu aliyewahi kuwaona wakifanya kazi mahali pengine. Waliodumu katika kazi hiyo miaka ishirini au zaidi wakiulizwa walianzaje, wengi hutaja vyote vitatu, ila mpangilio haufanani. Kumbukumbu zao zinakubaliana katika jambo ambalo mabango ya vyuo hayalitaji: cheti humfikisha mtu mlangoni na mkono hodari humweka ndani, lakini anayefungua huwa ni shahidi, yaani mtu aliyeiona kazi yake kwa macho na yuko tayari kuisemea.

Safari yenyewe ni fupi kwenye ramani. Kutoka Luthuli Avenue hadi Dagoretti Corner hazifiki kilomita kumi. Katikati ya jiji ndiko mikono ilikofunzwa: maduka ya vipuri, saiba (maduka ya intaneti), vyuo vya ghorofani. Upande wa magharibi, kando ya Ngong Road, Kilimani, Lavington na Westlands, ndiko watu walikokutana na ndiko kazi nyingi zenye mshahara wa maana zilikohamia baadaye. Kijana aliyelelewa Kawangware anakaa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Lavington, na bado huenda ikamchukua miaka kuifikia ofisi ya Lavington, kwa kuwa njia ya wengi imezungukia mjini.

Upande wa shule, historia ni ya majengo machache. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifundisha sayansi ya kompyuta Chiromo, pale mji unapokaribia Westlands. Kenya Polytechnic, iliyoanzishwa mwaka wa 1961 kwenye Haile Selassie Avenue na kupewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya mwaka wa 2013, ilitoa diploma. Strathmore, iliyoanzia Lavington mwaka huohuo wa 1961 kabla ya kuhamia Madaraka, ilijijengea jina kwa uhasibu, kisha ikaongeza kompyuta. Nafasi zilikuwa haba. Digrii ilidai angalau alama ya C+ katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, na kozi ya kompyuta katika chuo cha umma ilidai alama za juu zaidi ya hapo, kwani waliotaka kuisoma walikuwa wengi na viti vilikuwa vichache. Bodi ya mikopo, HELB, iliundwa mwaka wa 1995. Kabla na baada yake, karo ya wengi ililipwa kwa kuuza ng'ombe au kwa harambee.

Kilichowafunza wengi zaidi, hata hivyo, ni kungoja. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vya umma vilikuwa na mrundiko wa wanafunzi, na aliyefanya KCSE mwezi wa Novemba alikaa nyumbani zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuitwa chuoni. Mrundiko huo ulikuja kupunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, vyuo vilipopokea mikupuo miwili kwa pamoja. Wakati huo wa kungoja ndio uliovilisha vyuo vidogo vya katikati ya jiji. Mzazi alimpeleka mtoto “kusoma pakeji” ili asikae bure: mfumo wa DOS, WordPerfect na Lotus 1-2-3 katika miaka ya mwanzo, halafu Windows, Word, Excel, Access na PageMaker. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu au ya nne, ngazi zina giza, na wanafunzi wawili au watatu wanagawana mashine moja. Stima ikipotea, somo limekwisha.

Cheti cha pakeji hakikuwa na uzito mkubwa kwa mwajiri, na ni haki kusema hivyo. Vyuo hivyo vilitoa vitu viwili visivyoandikwa kwenye cheti. Cha kwanza ni kuondoa woga wa kibodi. Cha pili ni ajira: chuo kilipohitaji mkufunzi wa bei nafuu, kilimchukua mwanafunzi hodari wa muhula uliopita. Hivyo kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye bado anangoja barua ya chuo kikuu, alijikuta akifundisha makarani wenye umri wa mama yake jinsi ya kupanga mishahara kwenye Excel. Karani aliyefundishwa vizuri alirudi ofisini, na mashine ya ofisi ilipokwama alimkumbuka “yule mwalimu wetu wa pakeji”. Kwa vijana wengi huyo karani ndiye aliyekuwa shahidi wa kwanza.

Elimu ya chuo kikuu ilidharauliwa sana na mafundi wa mjini. Walisema ni nadharia tupu, na kwa mwaka wa kwanza wa kazi walikuwa na haki: mhitimu aliyejua kuchora mti wa data alishindwa kuweka printa. Thamani yake ilionekana baadaye. Ichukuliwe akaunti yenye shilingi 1,000, halafu yaje maombi mawili ya kutoa shilingi 800 katika sekunde ileile, moja kutoka kwa simu na jingine kutoka kwa kaunta. Programu iliyoandikwa na mtu anayejifunza kwa kubahatisha husoma salio mara mbili, huona pesa zinatosha mara zote mbili, na hulipa 1,600. Aliyefundishwa jinsi hifadhidata inavyofunga rekodi hadi muamala mmoja ukamilike hajiulizi mara mbili. Katika nchi ambayo M-Pesa ilianza Machi 2007 na kuufanya muamala wa simu kuwa jambo la kila saa, somo hilo la darasani lilitoka kwenye daftari na kuwa mkate wa watu. Vifaa na lugha za programu vilibadilika mara nyingi katika kipindi hicho. Kanuni ya kufunga rekodi haikubadilika.

Kati ya shule na kazi kulikuwa, na bado kuna, mafunzo ya nyanjani: miezi mitatu hivi katika ofisi ya mtu, na daftari la kazi linalotiwa sahihi na msimamizi kila wiki. Wengi wameitumia miezi hiyo kutoa nakala za fotokopi na kununua chai. Malalamiko hayo ni ya kweli, ila yanafunika jambo moja. Msimamizi wa kitengo cha kompyuta kwa kawaida ni mtu mwenye kazi nyingi kuliko mikono. Mwanafunzi aliyeomba kazi mahususi, tuseme kuhesabu mashine zote za ofisi na kuandika kila moja ina kumbukumbu kiasi gani, ina leseni gani na inakaa chumba gani, aliondoka akiwa ameacha orodha ambayo ofisi iliitumia kwa miaka. Kila orodha ilipofunguliwa, jina lake lilikuwa juu ya ukurasa. Sahihi za kwenye daftari zilimsaidia kupata alama chuoni, na orodha ikamsemea kwa waajiri.

Mjini kwenyewe shule ilikuwa ya namna nyingine. Luthuli Avenue ilikuwa mtaa wa redio, televisheni na spika kabla ya kompyuta kufika, na mafundi wake walikuwa wamezoea kufungua kitu bila kitabu cha maelekezo. Kompyuta zilizotumika zilipoanza kuingia kwa wingi, maduka ya Luthuli, River Road na Moi Avenue yaligawanywa kuwa vibanda, kila kimoja na kabati lake la kioo, na nyuma ya kioo mtu na bisibisi. Kazi ya siku ilikuwa ya kujirudia. Mashine inaletwa, ikiwashwa inalia mlio mfupi mfupi na skrini ni nyeusi. Fundi hafungui kitabu. Anatoa kijiti cha kumbukumbu, anachukua kifutio cha penseli cha mwanafunzi wa shule ya msingi, anasugua meno ya dhahabu hadi yang'ae, anapuliza vumbi kwenye nafasi yake, anakirudisha na kukibonyeza hadi vishikio vya pande zote mbili vijifunge. Mashine inawaka. Mteja analipa na kunung'unika kwamba kazi ilikuwa ya dakika mbili.

Kwenye kebo ndiko tofauti ya aliyekariri na aliyeelewa ilipoonekana zaidi. Waya wa mtandao una nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na mpangilio uliozoeleka mjini ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, samawati, nyeupe-samawati, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Wanafunzi wengi hushangaa kwa nini kijani kimetenganishwa na mwenzake na samawati kuwekwa katikati. Anayeona huo ni usumbufu hupanga jozi zikifuatana, chungwa na chungwa, kijani na kijani, pande zote mbili za waya. Kipima waya cha bei nafuu kikiunganishwa, taa zote nane zinawaka kwa mfuatano, kwa sababu kila pini imefika kwa mwenzake. Mteja analipa. Wiki moja baadaye anarudi akisema mtandao unasuasua kila faili kubwa inapopita. Kisa chake ni kwamba pini ya tatu na ya sita zinafanya kazi kama jozi moja, na zisipokuwa nyuzi zilizosokotwa pamoja, kelele ya umeme haifutiki. Waya wa mita mbili huweza kuvumilia kosa hilo, ila wa mita sitini hauvumilii. Fundi aliyewahi kuitwa kurekebisha kazi ya namna hiyo, akajua sababu yake, alikuwa na jambo la kusema kwenye mahojiano ya kazi ambalo hakuna kozi iliyomwandalia.

Saiba zilikuja na shule yao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, intaneti ya Nairobi ilikuwa nyembamba na ghali. Duka zima lenye kompyuta kumi liliweza kugawana laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, na mteja alitozwa kwa dakika. Kadiri saiba zilivyoongezeka, bei ilishuka hadi shilingi moja kwa dakika katika sehemu nyingi za mjini. Kwa bei hiyo mwenye duka alipata faida tu kama msimamizi wake aliweza kuibana laini. Ndiyo sababu mashine ya zamani kuliko zote iliwekwa Linux na kugeuzwa kuwa seva ya kuhifadhi kurasa zilizokwisha kufunguliwa, ili mteja wa pili wa Yahoo asiipakue picha ileile tena kutoka ng'ambo. Hakuna aliyemwambia kijana wa saiba kwamba anajifunza usimamizi wa seva. Alikuwa anapambana na laini. Wasimamizi kadhaa wa mifumo walioheshimiwa baadaye katika mabenki na kampuni za simu walianzia kwenye viti hivyo vya plastiki, zamu ya asubuhi hadi usiku.

Juu ya saiba walikuwapo watoaji wa huduma ya intaneti. Kituo cha ARCC, chini ya Dkt. Shem Ochuodho, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuiunganisha Kenya na intaneti katikati ya miaka ya 1990. Africa Online ilianzishwa mwaka wa 1994 na vijana Wakenya waliokuwa wamesoma katika vyuo vya Boston na viunga vyake: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Inafaa kuutazama mwanzo wao kwa makini, maana wasimulizi hupenda kusema “walisoma MIT na Harvard” na kuishia hapo. Elimu ilikuwapo, lakini biashara ilitokana na kujuana kwa Wakenya waliokuwa ugenini wakitafuta habari za nyumbani, wakazipitisha kwa barua pepe kutoka mmoja hadi mwingine. Soko lao la kwanza lilikuwa marafiki zao.

Kampuni za intaneti zilishindana kwa wateja, huku wahandisi wao wakisaidiana usiku. Sababu ilikuwa ya kiufundi. Barua pepe kutoka ofisi moja ya mjini kwenda ofisi ya ng'ambo ya barabara, ikiwa ofisi hizo zilikuwa na watoaji tofauti wa huduma, ilipanda setilaiti hadi Marekani au Ulaya na kurudi. Ili kuondoa mzunguko huo, watoaji wa huduma waliungana chini ya chama chao, TESPOK, wakaanzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP, Novemba 2000. Mwezi uliofuata tume ya mawasiliano iliamuru kifungwe, baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kilivunja haki yake ya kipekee. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Katika miezi hiyo ya kuvutana, wahandisi wa kampuni zilizoshindana walikaa meza moja kuandaa hoja, ramani na majedwali. Hapo ndipo kila mmoja alipojua nani anaijua rauta na nani anaizungumzia tu. Mhandisi alipotaka kuhama kampuni baada ya hapo, wasifu wake haukuwa na habari mpya kwa aliyemhoji.

KENET, mtandao wa vyuo ulioanzishwa mwaka wa 1999, ulifanya kazi kama hiyo kwa mafundi wa vyuo. Kazi hiyo haikuandikwa sana magazetini. Kuwakutanisha mafundi wa kampasi mbalimbali kwa mafunzo ya pamoja kulimaanisha kwamba fundi wa chuo cha mbali alijulikana Nairobi kabla hajaomba kazi yoyote Nairobi.

Mambo yalihamia magharibi baada ya kebo za baharini. TEAMS ilifika Mombasa Juni 2009, SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huohuo, na faiba ikachimbiwa kando ya barabara za jiji. Lakini kisa cha kuonyesha nguvu ya kujuana kilitokea kabla ya faiba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilipoenea na matangazo ya moja kwa moja kuzuiwa, mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh aliandika Januari 2008 akiuliza kama wapo wanateknolojia wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha matukio. Walioitika walikuwa watu waliokwisha kusomana kwa miaka: Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, ambaye alikuwa Alabama, Marekani. Kobia alikuwa akiendesha Mashada, jukwaa la mazungumzo la Wakenya, na kila aliyelitumia alikuwa ameiona kazi yake. Ramani hiyo, waliyoiita Ushahidi, ikawa hewani kwa siku chache. Hakuna aliyeomba cheti cha mtu. Hapakuwa na muda, na hapakuwa na haja.

Ni kikundi hicho kilichokuwa nyuma ya iHub, ukumbi wa kazi wa wanateknolojia, iliyofunguliwa Machi 2010 kwenye ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre, Ngong Road. Uanachama wake ulikuwa wa rangi tatu: nyeupe kwa aliyejiandikisha mtandaoni tu, kijani kwa aliyeruhusiwa kuketi na kutumia intaneti bila malipo, na nyekundu kwa aliyelipa apate meza yake. Kwa mtu wa leo mwenye faiba nyumbani, intaneti ya bure si hoja. Mwaka wa 2010 ilikuwa hoja kubwa, na ndiyo iliyowavuta watu kukaa chumba kimoja tangu asubuhi hadi jioni. Jengo lilelile lilipokea vituo vingine, Nailab na m:lab, na kwa muda ghorofa moja ikawa na watu wanaoandika programu za simu, ghorofa nyingine wanaotafuta mtaji, na kwenye ngazi wote wanakutana.

Faida ya chumba hicho haikuwa hotuba za jioni, ingawa hizo ndizo zilizopigwa picha. Ilikuwa kwenye meza. Mtu alikwama kwa saa mbili na menyu ya nyota na reli isiyorudisha jibu. Wa meza ya pili, aliyekwisha kukutana na tatizo hilo, akasogeza kiti. Siku hizo, kabla ya Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, kufungua mlango rasmi wa programu uitwao Daraja mwaka wa 2017, waliotaka programu zao zipokee M-Pesa waliunganisha modemu yenye laini ya simu kwenye kompyuta, na programu ikasoma ujumbe wa uthibitisho, ikachambua jina, kiasi na namba ya muamala. Mtindo wa ujumbe ulipobadilishwa hata kwa nukta moja, mifumo ya nusu ya chumba ilikwama asubuhi ileile. Aliyetengeneza kiraka kabla ya saa nne na kuwagawia wenzake hakuhitaji tena kujitambulisha.

Palikuwa na gharama zisizosemwa. Nauli ya matatu ya 46 au 111 kila siku, chakula cha mchana katika mtaa ambao mkahawa mmoja hudai bei ya unga wa wiki, na nguo za kuonekana kama mtu wa hapo. Wengi walitembea kwa miguu kutoka Kawangware na kula kibandani. Chumba cha bure hakikuwa bure kwa kila mtu, na katika hesabu ya nani alipata kuonekana, nauli inastahili kuandikwa pamoja na akili.

Kwa wanawake hesabu ilikuwa nzito zaidi. Mikutano mingi ya wanateknolojia iliisha saa tatu usiku, na kufika nyumbani saa hiyo kwa matatu si jambo dogo kwa msichana wa Nairobi. Aliyeondoka saa kumi na mbili jioni alikosa sehemu ambayo kazi hugawanywa, yaani nusu saa ya mwisho baada ya hotuba. AkiraChix, iliyoanzishwa mwaka wa 2010 na wanawake waliokuwa tayari katika kazi hiyo, akiwemo Judith Owigar, ilifanya zaidi ya kufundisha wasichana kuandika programu. Iliwapa watu wa kuwasemea, na mikutano ya saa zinazowafaa.

Kujuana kwenyewe kuna sura mbili, na Nairobi imezijua zote. Kuna kujuana kwa ukoo na kijiji: binamu yuko kitengo cha ununuzi, anasema neno, kijana anaingia. Aina hiyo huchukiza wasio na binamu, na wana haki ya kuchukizwa. Udhaifu wake mwingine ni kwamba haivuki kizingiti cha ofisi ya pili. Neno la binamu lina nguvu pale binamu alipo. Kujuana kwa kazi husafiri. Mwajiri wa Westlands humpigia simu mtu wa Upper Hill na kuuliza kwa kifupi kama fulani anaweza. Jibu huja kwa sentensi moja au mbili, na aghalabu halihusu akili ya mtu. Anayeulizwa hukumbuka kama fulani alikuja Jumapili seva ilipozima. Hukumbuka kama aliacha nywila zote zimeandikwa alipoondoka, au aliondoka nazo ili aitwe tena kwa malipo. Hukumbuka hata kama koleo la kubana waya lililoazimwa lilirudishwa. Shahidi huweka jina lake rehani, kwa hiyo husema kidogo na kwa uangalifu.

Ndiyo maana kuzungukia mikutano na kugawa kadi hakujawasaidia wengi. Kadi inamwonyesha mtu, haionyeshi kazi. Waliofaulu kwenye mikutano hiyo mara nyingi walikuwa waliobeba viti, walioweka mtandao wa ukumbi ukafanya kazi, au walioonyesha programu ndogo iliyokamilika badala ya wazo kubwa lisilo na hata skrini ya kwanza.

Sura ya leo imebadilika kwa kiasi. iHub ilihamia Senteu Plaza, Kilimani, na mwaka wa 2019 ikanunuliwa na CcHub ya Lagos. Moringa School, iliyoanza mwaka wa 2014 na kufundishia Ngong Lane, ilileta kozi za miezi michache za kuandika programu kwa watu ambao wengine wana digrii za mambo mengine kabisa. Microsoft ilifungua kituo cha kuunda programu Nairobi mwaka wa 2019, na kampuni za ng'ambo zikaanza kuajiri Wakenya bila kuwaona ana kwa ana. Serikali nayo, kupitia mamlaka ya ICT, imekuwa ikiwaweka wahitimu katika ofisi za umma na kampuni kwa mpango wa Digitalent tangu mwaka wa 2015. Saiba zimebaki, ila kazi yake imekuwa kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali mtandaoni: za eCitizen, HELB na KRA, mamlaka ya kodi. Kijana wa saiba wa leo hujua mifumo ya serikali kwa undani ambao mtu wa Westlands hana, na ni ajabu kwamba ni waajiri wachache wanaomtafuta kwa ujuzi huo.

Mahojiano nayo yameongezewa mtihani wa mtandaoni, unaosahihishwa na mashine, na katika hilo aliyesoma miundo ya data Chiromo amepata haki yake iliyochelewa. Msimbo unaowekwa hadharani umekuwa shahidi wa aina mpya. Mtu wa Nairobi akirekebisha kosa dogo katika programu huria inayotumiwa na wengi, marekebisho yake hubaki na tarehe na jina, na mwajiri wa Berlin huyasoma bila kumpigia mtu yeyote simu. Kasoro yake ni kwamba kazi nyingi ya kweli, kama vile kurudisha mfumo wa chama cha akiba usiku wa mwisho wa mwezi, haionekani hadharani. Hiyo bado inahitaji mdomo wa mtu.

Anayeajiriwa hatimaye hukutana na karatasi. Kwa sheria ya ajira ya mwaka wa 2007, kipindi cha majaribio hakizidi miezi sita, na huweza kuongezwa kwa miezi mingine sita kwa ridhaa ya mfanyakazi. Kazi nyingi za kwanza za kompyuta, hata hivyo, hazitolewi kama ajira. Kijana huitwa mshauri, hulipwa kwa ankara, na mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kuipeleka KRA. Anayeanza hivyo hana likizo ya kulipwa wala mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa uzeeni, NSSF, na ikifika Juni lazima awe amewasilisha ritani yake mwenyewe, akijumuisha maelezo ya vyeti vya kodi iliyokwisha kukatwa. Wakongwe huwashauri wanaoanza waombe vyeti hivyo kila malipo yanapofanyika, kwa kuwa kampuni changa iliyofungwa mwezi wa Machi haina karani wa kuvitafuta mwezi wa Juni.